Tundu Bila Mwenyewe

ZUHURA: Asalaam aleikum wasikilizaji, karibuni tena barazani. Leo nisameheni, sauti imenikauka kwa vigelegele.

MAKAME: Hongera tena, dada. Waeleze, maana watadhani tumeozesha.

ZUHURA: Furaha yake ni hiyo hiyo! Binti wa ami yangu, mtoto wa Chwaka, ametetea tasnifu yake ya uzamili huko magharibi ya Kanada, kwenye maabara ya visukuku vya alama. Kwao saa nne asubuhi, sisi ndio kwanza tumetoka kusali Magharibi. Ukumbi wa nyumbani kwetu umejaa, tunamtazama kwenye simu tuliyoiegemeza kwenye birika la kahawa.

MAKAME: Visukuku vya alama ndio vipi? Mtu akisikia kisukuku hufikiria mfupa.

ZUHURA: Mfupa ni mwili. Hizi ni nyendo: unyayo, tundu, njia aliyopita mnyama akitafuta chakula, ikageuka jiwe. Mwenyewe kashaoza zamani. Ndiyo maana jina hupewa alama, si mnyama. Mnyama mmoja huacha alama za namna kadhaa, na wanyama mbali mbali huweza kuchimba tundu la namna moja.

MAKAME: Kama nyayo za Laetoli.

ZUHURA: Hizo khasa! Nyayo za viumbe wa kale wa jamii ya binadamu; timu ya mtafiti Mary Leakey ilizikuta 1978 kwenye majivu ya volkano, za miaka milioni 3.6 na ushei. Ziko hapa hapa Tanzania.

MAKAME: Haya, kwenye utetezi walimbana?

ZUHURA: Walimbana, kaka! Mtahini wa nje kaonesha picha ya jiwe lake, akauliza: umejuaje kuwa hili ni tundu la mnyama, na si la mzizi? Ukumbi ukawa kimya. Hata bibi, aliyekuwa akisuka ukili, akasimamisha mkono.

MAKAME: Akajibuje?

ZUHURA: Akasema mzizi ukigawanyika hupungua, kila tawi jembamba kuliko lililolizaa. Tundu lake halikupungua, kwa sababu mwenyewe lazima apite. Kisha akaonesha ukuta wa tundu: umekandikwa vidonge vidogo vya matope, kimoja kando ya kimoja. Wanyama wachimbaji wa leo, ndugu wa kamba wa baharini, hukandika vivyo hivyo, mchanga usiwaporomokee. Tundu hilo huitwa Ophiomorpha.

MAKAME: Yaani kama nyumba ya udongo!

ZUHURA: Na bibi, aliyechokoa pweza tangu kigori, akasema: “Mimi pweza simwoni. Naona magamba aliyoyatupa mlangoni.” Nilitaka kulia. Elimu ile ile, kaka.

MAKAME: Mimi nilivyosikia haya nimekwenda Mji Mkongwe kutazama kuta, pale chokaa ilipobanduka. Jiwe la matumbawe lina matundu yenye shingo nyembamba na tumbo kama mtungi. Miaka yote napita tu.

ZUHURA: Hayo ni ya wanyama wa jamii ya chaza wanaotoboa jiwe. Huingia wadogo, wakakulia humo humo.

MAKAME: Matokeo je?

ZUHURA: Wakamtoa nje, mlango ukafungwa. Yuko nje peke yake na sisi kwenye simu, ami anasoma uradi. Walipomwita na kumwambia hongera, mimi sikusikia lililofuata! Masahihisho madogo tu: picha moja haikuwekewa kipimo.

MAKAME: Mashaallah.

ZUHURA: Haluwa ikatoka, ubani ukafukizwa. Bibi kashamwambia: ukirudi, bamvua la kwanza tunashuka pwani wote wawili, na mchokoo wako nimeshauchonga.