Nimevua chewa Florida, na mmoja nimemrudisha pima 18 chini

Asalam aleikum ndugu zangu wa Tumbe, Micheweni, Wete, Unguja, Mombasa na popote mlipo. Narikodi hii bado nina chumvi mwilini, mtanisamehe sura. Hapa nyuma yangu ni Madeira Beach, Florida, pwani ya Ghuba ya Mexico. Wenyewe wanauita mji wao makao makuu ya chewa duniani. Mimi mtoto wa mvuvi nimekaa nchi hii miaka sita sijagusa mshipi, na leo nimeushika. Nina jambo la kuwaonyesha, hasa wale mnaovua kilindini.

Tuliondoka saa 11 alfajiri, watu sita, nahodha na baharia wake mmoja. Kwa mlioko Florida: ukienda na boti ya kukodi yenye leseni, wewe abiria huhitaji kukata leseni yako, ya boti inakutosha. Mmoja wetu alichafukwa na bahari kabla jua halijatoka, tukampa tangawizi akalala. Tuendelee.

Bahari ya huku haifanani na yetu. Pemba ukivuka mwamba upande wa magharibi unaelekea kwenye mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Huku chini kunateremka taratibu mno. Unakimbia na mashine mbili kubwa, nchi kavu inapotea machoni, na bado uko kwenye pima 7, kama mita 13 tu. Hapo ndipo tulipoanza kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya boti inayotembea.

Sasa nisikilizeni. Kwetu tunarambaza kwa ajili ya nguru, jodari na kolekole, samaki wa juujuu wanaokimbia. Chewa tunamfuata chini kwa mshipi wa mkono au kwa dema, ule mtego wa kusuka. Sikuwahi kuona mtu anarambaza chewa. Huyu nahodha alitoa samaki wa plastiki mwenye ulimi mpana mbele ya mdomo, kama kijiko kilichobanwa. Boti inakwenda mwendo wa noti 5 hivi, kama kilomita 9 kwa saa, ule ulimi unakata maji na kumzamisha yule samaki bandia mpaka mita 8 chini, anatingishika njia nzima. Wanampitisha kando ya majabali. Chewa yumo pangoni mwake, anaona kitu kinapita juu ya paa lake, anatoka kukidaka.

Fimbo ya kushoto ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Nikatazamia boti isimame. Haikusimama! Nahodha akaendelea mbele kama mtu ambaye hajasikia, na mkono wake mmoja ukabonyeza kitufe cha kuweka alama kwenye ramani ya mashine. Baadaye alinieleza. Chewa akishaumwa na ndoana, wazo lake ni moja tu, kurudi shimoni. Ukisimamisha boti umempa nafasi. Ukiendelea, boti yenyewe inamtoa mbali na jiwe. Na ile alama ndiyo nyumba yake. Palipotoka mmoja mara nyingi wapo wengine, kwa hiyo unaweza kurudi ukatia nanga na kuvua chini. Kurambaza kwao ni kuvua na pia ni kutafuta.

Tulipata wawili hapo, wa aina wanayoiita gag, wa kijivu, mgongo una mabaka kama alama za midomo ya mtu. Mkubwa alikuwa sentimita 69. Sheria hapa inataka gag afike inchi 24, yaani sentimita 61, na kila mtu wawili tu kwa siku. Msimu wake hufunguliwa mwezi wa Septemba na haukai sana, ndiyo maana mmeniona kimya wiki nzima nikihangaika kupata nafasi kwenye boti.

Kisha tukaenda nje zaidi, pima 18, nanga chini. Hapo nilijiona nyumbani. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, la nusu ratili, chambo hai, mshipi unateremka mpaka ulegee, unanyanyua kidogo, unasubiri. Tofauti ni ndoana. Wao kwa samaki wa miambani wanaovua kwa chambo halisi wanalazimishwa ndoana ya mviringo, ncha imekunjwa ndani. Sisi tumezoea kushtua mshipi: ukisikia anadonoa, unavuta kwa nguvu. Ukifanya hivyo na ndoana hii unamnyang'anya chambo. Unavuta polepole tu, inateleza yenyewe mpaka pembe ya mdomo na kukaza hapo. Nilipoteza watatu kabla mkono wangu haujasikia.

Wa nne akaniingia pangoni. Mshipi ukawa kama umefungwa kwenye nguzo. Baharia akaniambia tukate. Nikamwomba aniache, kwa sababu Ami wangu alinifundisha hili nina miaka kumi: chewa akijikaza pangoni, usishindane naye, anatanua mapezi na matamvua, hutamtoa. Mlegezee. Nikaulegeza mshipi, nikahesabu taratibu, kidole juu yake. Dakika mbili, tatu. Nikasikia mshipi unatembea. Nikavuta mara moja, akaja! Ami, kama unatazama, ile elimu yako imefanya kazi upande wa pili wa dunia.

Alikuwa chewa mwekundu. Yule mwekundu ni mjenzi: anachimba mchanga kwa mdomo na mapezi mpaka mwamba wa chini unatokeza, na kwenye shimo lake wanakuja kukaa kamba na samaki wengine. Lakini msimu wake ulikuwa umeshafungwa. Arudishwe.

Hapa ndipo nataka mtazame vizuri, nimesogeza kamera. Mwangalieni. Macho yametoka nje, tumbo limevimba, na mdomoni kuna kitu kama puto la nyama. Wengi tunadhani ni kibofu chake cha hewa, kumbe ni tumbo lake la chakula limesukumwa nje. Pima 18 maji yanabana zaidi ya mara nne ya huku juu, kwa hiyo hewa iliyomo kwenye kibofu inatanuka akipandishwa. Ukimtupa hivyo, anaelea chali, jua na ndege na papa wanammaliza. Umemrudisha maiti. Na lile puto msilitoboe, mnatoboa tumbo lake.

Baharia akachukua koleo dogo lenye uzito, akambana mdomo wa chini, akamteremsha kwa mshipi. Koleo limetegwa lifunguke lenyewe likifika kina fulani. Njiani maji yanambana tena, hewa inasinyaa, macho yanarudi. Likafunguka, mshipi ukawa mwepesi. Januari 2022 boti zinazovua samaki wa miambani ghuba hii ziliwekewa sheria ya kuwa na kifaa cha namna hii, au cha kumtoa samaki hewa, tayari.

Bibi alikuwa akituambia mwezi ukipatwa ni chewa ameumeza, nasi tunapiga mabati autapike. Samaki mkubwa kiasi hicho katika hadithi zetu, na hawa tunaovua kila mmoja alianza maisha yake akiwa jike. Baada ya miaka mingi ndipo baadhi hugeuka dume. Ukivua wakubwa wote, unaondoa madume. Ukivua wadogo wote, hakuna wa kugeuka. Gag wa ghuba hii wamebaki na madume wachache mno, ndiyo maana ya msimu mfupi.

Najua mtasema mvuvi mwenye watoto saba harudishi samaki. Ni kweli, na sisemi hivi kumlaumu mtu. Nasema wale wadogo wa vidole viwili ambao hata sokoni hawana bei. Na kungoja tunajua: Kisiwa Panza, kule Pemba, wamefunga mwamba wa pweza miezi, wakaufungua wakavua. Kifaa chenyewe si lazima kinunuliwe. Kreti la soda lililogeuzwa mdomo chini, limefungwa uzito na kamba, linamshusha chewa vilevile. Ukilivuta juu, yeye anabaki chini.

Bandarini baharia akatoa minofu, akataka kutupa vichwa. Nikaomba vyote, vyangu na vya wenzangu. Viko jikoni sasa na ndimu, pilipili mbichi na tui jepesi.

Kile kipande cha video cha chewa mwekundu nilimtumia Ami kwenye simu kabla sijafika nyumbani. Akakaa kimya muda mrefu, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akaniuliza, "Uzito uliomshushia, ratili ngapi?"

Nikamwambia tatu.