Bunduki ya upepo, kokoto za Mto Sigi na udongo wa kichuguu

REHEMA: Tuko hewani. Kaka Salim, mbona leo uso umekunjamana?

SALIM: Ile bunduki, da Rehema.

REHEMA: Ile uliyoifungua humu ndani kama mtoto wa Idi?

SALIM: Ile ile. Jumamosi nimekwenda nayo klabu, nje kidogo ya Leicester. Nikailaza juu ya mfuko wa mchanga, mita 25, nikapiga kumi. Tano za kwanza ungezifunika kwa sarafu ya pauni. Ya sita kushoto, ya saba juu, ya kumi haikugusa hata karatasi. Nikarekebisha darubini, nikapiga tena, kundi zima la matundu likahamia kwengine. Saa tatu nzima nimelala chini nafukuza tundu.

REHEMA: Wazee wa klabu walisemaje?

SALIM: Mmoja aliushika mtutu akautikisa, ukacheza. Hii ni ya springi, ya kukunja: unaukunja mtutu kuikaza springi, na ukiurudisha lazima ukae pale pale kila mara. Wangu haukai. Halafu akanionyesha darubini. Vishikio vyake havina pini ya kuvizuia, kwa hiyo imeteleza nyuma milimita tatu. Na skrubu mbili za kitako zimelegea.

REHEMA: Pole sana. Ila nilikuambia kabla hujanunua.

SALIM: Uliniambia. Kilichonivutia ni maandishi ya sandukuni: kasi ya futi 1,000 kwa sekunde.

REHEMA: Hapo nataka msikilizaji anielewe. England, bunduki ya upepo isiyohitaji cheti mwisho wa nguvu yake ni futi-pauni 12, kama jouli 16. Ukitia risasi ya kawaida ya milimita 4.5, yenye uzito wa greni 8.44, kama nusu gramu, kwa nguvu hiyo huvuki futi 800 kwa sekunde. Hizo 1,000 zinapatikana kwa risasi nyepesi ambayo upepo unaichezea. Na mliopo Scotland, huko tangu mwisho wa 2016 lazima uwe na cheti. Kenya sheria inaihesabu kuwa silaha kama silaha nyingine, kwa hiyo asije mtu akaitia kwenye begi la likizo.

SALIM: Naam. Leo tumeandaa mambo matano ya kuangalia kabla ya kununua. La kwanza, risasi. Mtutu una ulimi wake, kila mmoja unapenda risasi yake. Nimejaribu makopo manne, na kopo moja nilizipima moja moja kwenye mizani. Nimekaa jikoni, hizi huku, hizi kule, mke wangu ananiangalia. Nikajikuta niko Mto Sigi.

REHEMA: Mto Sigi umefikaje jikoni kwako?

SALIM: Kwa manati! Sisi Tanga tulikuwa tunashuka mtoni kuchagua kokoto. Mfuko wa kushoto kokoto za kupigia makopo, wa kulia zile za mviringo, zilizosuguliwa na maji mpaka zikang'aa. Za kulia hutoi ovyo.

REHEMA: Kokoto? Kaka Salim, mlikuwa mnapigia kokoto?

SALIM: Sasa mtu apigie nini?

REHEMA: Udongo wa kichuguu. Sisi Morogoro unauchukua udongo wa kichuguu, unaukanda na maji, unavingirisha gololi viganjani, unaanika siku tatu. Kivulini kwanza, ukianza na jua zinapasuka. Zote saizi moja. Kaka yangu alikuwa na kifuniko cha chupa cha kupimia: udongo uliojaa kifuniko ndio gololi moja.

SALIM: Na ikigonga tawi inasagika.

REHEMA: Isagike! Imeshafika nilikolenga. Kokoto yako moja nzito, moja nyepesi, moja ina kona. Unavuta mpira vile vile, jiwe linakwenda linakotaka.

SALIM: Mkono unajua. Ukilishika jiwe, mkono unajua ni zito, unainua kidogo. Babu yangu alikuwa anaangua embe kwa kikonyo, kwa kokoto alizookota njiani.

REHEMA: Babu yako alikuwa na miaka sitini ya mazoezi. Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa naangua.

SALIM: Embe za Morogoro kubwa.

REHEMA: Usinichokoze. Na panda je? Yetu ya mpera.

SALIM: Ya mpera, hapo tuko pamoja.

REHEMA: Alhamdulillahi. Sasa sikiliza, ugomvi wetu wa bunduki ni huu huu. Unataka kurudisha hiyo ununue springi nyingine.

SALIM: Springi nzuri. Ya Kijerumani, Weihrauch HW95 au HW97 iliyotumika, ya mtu aliyeitunza. HW97 mtutu wake haukunjwi, umekazwa moja kwa moja, unavuta wenzo chini. Hakuna bawaba ya kulegea. Haitaki mtungi wala pampu ya kujazia hewa.

REHEMA: Lakini ni springi. Pistoni inakimbia mbele risasi ikiwa bado ndani ya mtutu, bunduki inaruka nyuma kisha mbele. Ukiibana leo zaidi ya jana, tundu linahama. Nunua ya hewa iliyojazwa kabla, yenye regyuleta. Unajaza hewa mpaka presha ya bari 200 hivi, regyuleta inatoa presha ile ile kila pigo, kasi haipandi wala haishuki. Hiyo ndiyo gololi ya kifuniko.

SALIM: Na siku inavuja?

REHEMA: Unabadilisha mpira wa kuzuia hewa.

SALIM: Springi inanifundisha kushika. Unailaza tu kiganjani, huikamati, unaiacha iruke itakavyo, ila kila mara vile vile. Nikijua hilo nitapiga kwa bunduki yoyote.

REHEMA: Una Jumamosi moja na watoto watatu. Utajifunza lini? Jumamosi hii ulishindwa kujua kosa ni lako au la bunduki, na springi itakuacha hapo hapo mwaka mzima. Mtu akose akijua amekosa yeye.

SALIM: Sikubali.

REHEMA: Najua hukubali. Na mimi sibadilishi.

SALIM: Bunduki isiyokudai chochote haikupi chochote.

REHEMA: Hayo ni ya babu na kokoto zake.

SALIM: Ni ya babu, ndiyo.

REHEMA: Haya. Zimebaki dakika mbili na tumesema jambo moja kati ya matano.

SALIM: Bado vishikio, bado triga, bado kupima kwa mapigo kumi badala ya matano...

REHEMA: Hilo la kumi liseme haraka.

SALIM: Makundi ya tano yanadanganya. Zangu tano za kwanza zilinidanganya. Kabla hujalipa, muombe muuzaji upige kumi, darubini isiguswe, risasi za kopo moja.

REHEMA: Na akikataa?

SALIM: Unaaga unaondoka. Mimi sikuomba. Jumatatu nairudisha.

REHEMA: Nitakusindikiza. Kaka Salim, huko Sigi vichuguu vilikuwepo?

SALIM: Vilikuwepo vingi.

REHEMA: Na mkavipita mkaenda mtoni!

SALIM: Mto ulikuwa na maji baridi, da Rehema. Tulikuwa tunaoga pia.