Majani ya Mti kwa Rangi za Maji: Kutoka Rasimu hadi Picha

Ndugu wachoraji, leo tuna mti mmoja tu, tena majani yake peke yake.

Ukikaa mbele ya mti, macho hukimbilia kuhesabu majani. Yakatalie. Yafumbe nusu: majani yatapotea na yatabaki mafungu, hili limepigwa na jua, lile la chini yake lina kivuli, na kati yao matundu yanayoonyesha anga. Najua mtaniletea Albrecht Dürer, yule mchoraji Mjerumani aliyechora nyasi mwaka 1503, unyasi kwa unyasi. Sawa, lakini nyasi zile zilikuwa karibu na pua yake. Mti wetu uko mbali.

Mafungu hayo ndiyo ya kuweka kwenye rasimu. Yangu haizidi kiganja, nayo ni ya rangi moja yenye viwango vitatu: karatasi tupu, kijivu cha kati, giza. Wapo wanaoipaka rasimu rangi zote. Mimi naona wanajichosha, kwani swali la mwanga likichanganywa na swali la kijani, yote mawili hubaki bila jibu. Na mwanga lazima uamuliwe mapema. Mwenye rangi za mafuta hupaka nyeupe juu ya nyeusi akipenda. Kwetu nyeupe ni karatasi yenyewe, ukishaifunika umeipoteza. Palipoachwa tupu kwenye rasimu, burashi isifike.

Haya, karatasi kubwa. Iwe nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, na uso wake uwe wa kukwaruza kidogo. Burashi nene ya mviringo ilaze ubavu, uiburute haraka. Rangi itashika vinundu na kuruka vibonde, na ukingo wa fungu utachanika wenyewe. Fungu likiwa bado bichi, dondoshea kijani kizito upande wa kivuli, kisha ondoa mkono. Hapa ndipo wengi huharibu: wanarudi kusawazisha. Maji yakiongezwa kwenye rangi iliyoanza kukauka husukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo za kupindapinda. Tena rangi hufifia ikikauka, kwa hiyo giza lipake zito kuliko linavyohitajika machoni.

Kijani cha tyubu mara nyingi hupiga kelele. Changanya ultramarini, ile buluu nzito, na njano, uipoze kwa siena ya kuchoma, yaani kahawia yenye wekundu.

Safu ya kwanza ikikauka kabisa, rudi kwenye rasimu utafute giza. Jani lenye mwanga usiliguse. Paka kivuli kilicho nyuma yake, nalo litajitokeza. Kiasi kidogo tu, kwenye mipaka ya mafungu. Anga la kwenye matundu madogo lipake zito kidogo kuliko anga la wazi, maana ndivyo jicho linavyoliona.

Matawi ni ya mwisho. Yaonekane ndani ya matundu tu, yakatike yanapoingia nyuma ya fungu, na yawe membamba kadiri yanavyopanda. Kama maji yamefunga tundu lililokuwamo kwenye rasimu, usilifungue kwa nguvu. Hamisha tawi.