Miezi Mitano ya Kutoka Nje: Skii, Skeiti na Baiskeli Katika Baridi ya Minnesota

Wazee wangu shikamooni. Akina mama, ndugu zangu na vijana, habari za mchana. Namshukuru mwenyekiti na kamati yake kwa kunipa nafasi hii, na nawashukuru ninyi mliokuja, maana leo kuna upepo na wengine mmetoka mbali, St. Paul, Brooklyn Park, hata Rochester.

Nimekuja na jambo moja. Sisi tuliotoka Mwanza, Mombasa, Bujumbura, Uvira na Goma tunaishi sasa hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mahali ambapo theluji huweza kuanguka Novemba na ikawa bado ipo Machi. Hiyo ni miezi mitano. Nawaona watu wetu wakiipitisha kati ya nyumba, gari, kazi na ibada, macho yote Aprili. Watoto wamejifungia na simu. Wazazi wamechoka kabla ya Januari kwisha. Lakini miezi hiyo imo katika umri wetu, ikipita haitarudishwa, na mimi nasema kwa dhati kwamba baridi siyo iliyotufungia ndani. Tumekaa ndani kwa sababu hakuna aliyetufundisha namna ya kutoka.

Tuanze na mavazi, maana hapo ndipo wengi wanakatishwa tamaa siku ya kwanza. Mgeni akifika huambiwa anunue koti zito kuliko yote dukani. Koti hilo ni zuri kwa kusubiri basi. Ukilivaa ukaenda kuteleza kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba za kuvaa miguuni, baada ya robo saa umelowa jasho, na ukisimama kupumzika lile jasho linakugandisha. Maji huondoa joto mwilini upesi mno kuliko hewa kavu, kama mara 25. Kwa hiyo adui wa kwanza wa mtu anayefanya mazoezi kwenye baridi ni unyevu wake mwenyewe. Pamba, tunayoipenda sana kwetu, hunywa jasho na kulishikilia, basi fulana ya pamba ibaki nyumbani. Mwilini vaa sufu nyepesi au polista, juu yake sweta, juu kabisa kitu chembamba cha kuzuia upepo. Ukitoka mlangoni unatakiwa usikie baridi kidogo. Ukiwa tayari umepata joto pale mlangoni, vua kimoja.

Mikononi, chagueni glavu zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, maana vidole vikigusana vinapashana joto. Miguuni, usijaze soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha, na damu ndiyo inayoleta joto.

Sasa barafu. Nianze na skeiti, kuteleza kwa viatu vyenye chuma chembamba chini yake, kwa sababu ndiyo iliyo karibu na milango yetu. Jiji la Minneapolis hutengeneza viwanja vya barafu katika bustani zake kila msimu, hakuna kiingilio, na vingi vina chumba cha kuotea moto pembeni. Baadhi yake unaweza hata kuazima viatu. Mtoto akitoka shule anaweza kwenda kwa miguu.

Mwaka jana nilikuwa na mama mmoja kutoka Bukavu, mtu mzima, mwenye wajukuu. Alisimama ukingoni ameshika uzio kwa mikono miwili. Nilimwambia mambo matatu tu: kunja magoti mpaka usione vidole vya miguu, tazama mbele na siyo chini, na ukisukuma, sukuma kwa upande. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda watu, kwa sababu tumezoea kutembea, na anayetembea husukuma nyuma. Ukisukuma nyuma kwenye barafu, chuma kinateleza tu na wewe unabaki palepale. Kikigeuzwa kikakaa pembe, ule ubavu wake unaikamata barafu na mwili unakwenda. Yule mama aliposukuma kwa upande mara ya kwanza alikwenda kama mita mbili hivi, akanyamaza, kisha akasema, "Tena." Alisema tena mchana kutwa.

Viwanja vya jiji vina watu wa kuvikagua. Ziwa ni habari nyingine, na hapa naomba tusikilizane vizuri, hasa vijana. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa zaidi ya hapo yanakuwa mepesi, yanabaki juu, na ndiyo maana ziwa huganda kuanzia juu huku samaki wakiendelea kuishi chini. Idara ya maliasili ya jimbo hili inasema kwamba barafu mpya, iliyo angavu na ngumu, iwe na unene wa inchi 4 kabla mtu hajatembea juu yake, yaani kama sentimita 10. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, ina nguvu karibu nusu tu, basi unene wake uzidishwe mara mbili. Na unene haulingani ziwa zima. Karibu na daraja, mahali mto unapoingia, au penye chemchemi, barafu huwa nyembamba hata katikati ya Januari. Usiingie ziwani kwa sababu umeona nyayo za mtu mwingine. Pima, au nenda na anayejua kupima.

Jioni baridi inapokaza mtasikia ziwa likinguruma, sauti ndefu inayokimbia chini ya miguu kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Wengi hukimbia. Mara nyingi ni barafu inayojinyoosha na kujikunja kwa mabadiliko ya joto, na sauti hiyo peke yake haina maana kwamba inavunjika. Mimi binafsi sijui sauti ya dunia hii inayonipendeza kuliko hiyo.

Nije kwenye skii, ambako moyo wangu upo zaidi. Nazungumzia skii ya nyika, siyo ile ya kuporomoka milimani. Ya milimani inataka pesa nyingi, mlima na lifti. Ya nyika inataka njia tu na theluji, na sisi tuna bustani ya Theodore Wirth, dakika chache kutoka katikati ya jiji.

Wengi wenu mnalijua jina la Philip Boit. Mkenya, mkimbiaji, jamaa wa Mike Boit aliyeleta medali ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972. Mwaka 1996 alikwenda Finland kujifunza skii, na Februari 1998 akasimama kwenye mstari huko Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10, Mkenya wa kwanza kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho, nafasi ya 92. Mshindi alikuwa Bjørn Dæhlie wa Norway, aliyefika takriban dakika 20 kabla yake. Dæhlie hakuondoka. Alimsubiri Boit pale mwisho akamkumbatia, na baadaye Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha urafiki, na ni kweli, ni kizuri. Mimi nakipenda kwa jambo jingine. Yule bwana alikuwa na mapafu na moyo wa mkimbiaji wa Kenya, na bado skii ilimshinda kasi. Kwa nini? Kwa sababu skii ni ufundi kwanza, nguvu baadaye. Akarudi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002, akarudi tena ile ya Turin mwaka 2006. Basi kijana wa hapa anayecheza mpira vizuri, akianguka wiki ya kwanza kwenye skii asidhani mwili wake haukuumbwa kwa theluji. Hajajifunza, basi.

Ufundi wenyewe uko hivi. Ukiiweka skii ya mtindo wa zamani sakafuni utaona katikati imepinda kuelekea juu, haigusi chini. Ukisimama kwa miguu yote miwili, uzito unagawanyika na katikati inabaki hewani, unateleza. Ukihamishia uzito wote mguu mmoja, ile katikati inabonyea na kugusa theluji. Hapo katikati umepaka nta ya kushika. Kwa muda huo mfupi skii inang'ang'ania, unasukuma, kisha unaiachia iteleze. Kila kitu kiko katika kuhama: mguu huu kabisa, kisha mguu ule kabisa. Anayegawa uzito nusu kwa nusu hasukumi wala hatelezi, anakokota miguu, na anachoka upesi mno.

Nta zenyewe huja katika vikopo vidogo vyenye rangi. Ya bluu ni ya baridi, ya zambarau ni ya karibu na sifuri, nyekundu ni ya theluji yenye unyevu. Unaipaka, halafu unaisugua kwa kizibo mpaka inalainika. Chembe za theluji ya baridi kali ni ngumu na kali, zinajichoma kwenye nta, kwa hiyo nta nayo iwe ngumu. Ukipaka nta laini siku ya baridi, theluji inaganda chini ya skii na unatembea na donge. Siku ya nyuzi 25 chini ya sifuri hata nta iwe sahihi utaona theluji imekuwa nzito kama mchanga na inalia chini yako. Msuguano hautengenezi tena ule utando mwembamba wa maji wa kulainisha. Siku hiyo nenda polepole, au kaa nyumbani, hakuna aibu.

Februari 2024 Wirth iliandaa Kombe la Dunia la skii ya nyika, la kwanza kwenye ardhi ya Marekani tangu 2001. Jessie Diggins, binti wa Afton hapahapa Minnesota, aliyepata dhahabu ya Olimpiki mwaka 2018 pamoja na Kikkan Randall, alishindana mbele ya watu wa nyumbani. Gus Schumacher wa Alaska alishinda kilomita 10 za wanaume. Maelfu walijaa msituni. Lakini majira yale yalikuwa ya joto kuliko yote yaliyowahi kurekodiwa katika miji hii, na njia ilitegemea theluji ya mitambo hadi siku chache kabla ya mashindano, ndipo ya mbinguni ilipoanguka. Nalisema hili kwa uchungu. Theluji tunayoiogopa inapungua. Ikiwepo, tutoke.

Kuhusu baiskeli nitakuwa mfupi. Njia ya Midtown Greenway, iliyokuwa reli zamani, ina urefu wa kama kilomita 9 na jiji huisafisha theluji. Hatari kubwa pale ni barafu nyembamba isiyoonekana, na dawa yake ni matairi yenye vijisumari vya chuma, hasa la mbele. Tairi la nyuma likiteleza unajirekebisha, la mbele likiteleza umeshaanguka. Anayetaka kupita kwenye theluji yenyewe kuna baiskeli za matairi manene ya inchi 4, zinazoendeshwa zikiwa na upepo kidogo sana, tairi likatanuka juu ya theluji kama unyayo wa ngamia. Moja ya za kwanza kuuzwa kwa wingi ilitoka Bloomington, jirani zetu, mwaka 2005. Na taa muwe nazo mbele na nyuma, maana mwishoni mwa Desemba urefu wa mchana hapa haufiki hata masaa tisa.

Afya sasa. Upepo ukifanya baridi isikike kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Maelezo mengi husema tazama ngozi ikiwa nyekundu, kisha nyeupe. Kwenye ngozi yetu nyekundu hiyo haionekani vizuri. Msitegemee macho. Sehemu ikifa ganzi, ikawa ngumu au na rangi ya kijivu, ingieni ndani mara moja, na msiisugue. Watoto waulizwe kila baada ya muda kama wanasikia vidole vyao.

Mwenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu, na katika jamii zetu wapo, ajue kwamba baridi inaweza kumletea maumivu makali. Huyo azungumze na daktari wake kwanza, na hata akiruhusiwa atoke kwa muda mfupi, amevaa vizuri, amekunywa maji ya kutosha. Mwenye pumu afunike mdomo kwa skafu ili hewa ipate joto kabla ya kuingia kifuani. Tena msidanganyike kwamba jua la Januari litawapa vitamini D. Kwenye latitudo hii jua liko chini mno, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kuliko nyeupe. Mwombeni daktari apime damu. Mwanga wa mchana una kazi nyingine, unaweka sawa usingizi na hali ya moyo, yaani furaha na huzuni, na huo mnaupata bure mkitoka.

La mwisho ni gharama, kwa kuwa najua ndilo swali la wengi. Msinunue vipya. Watoto wa hapa hukua na kuacha viatu vizima kila mwaka, na maduka ya mitumba hujaa kuanzia Oktoba. Njia za skii za jimbo zinadai kibali, lakini aliye chini ya miaka 16 hahitaji. Skii za kukodi zinatosha kabisa msimu wa kwanza, mpaka mtu ajue kama anataka mtindo wa zamani au ule wa kusukuma kwa upande kama kwenye skeiti.

Nakaribisha maswali. Tuanze na mama yule pale nyuma, ambaye ameinua mkono tangu nilipotaja selimundu. Karibu mama, mpeni kipaza sauti.