Kikombe cha Nini? Mhadhara juu ya dynamic na Aina za Jeneriki

Ndugu zangu, wengi wenu lugha ya programu ya C# mnaijua tayari, kwa hiyo sitaeleza klasi ni nini wala urithi ni nini. Nina jambo moja tu, na walionisikia siku za nyuma watanivumilia, kwa kuwa ni lile lile. Neno dynamic, linaloiambia C# isikague aina ya data mpaka programu inapoendeshwa, linatumika ovyo, na watu wanaumia.

Nianze na risiti. Kuna chama cha akiba na mikopo tulichokitengenezea programu ya kutunza hesabu za wanachama. Mwanachama akileta fedha taslimu, karani anaandika kiasi dirishani. Akituma kwa simu, ujumbe unaingia wenyewe, programu inausoma na kuongeza kwenye salio. Ujumbe ule una sehemu nyingi, nyingine leo zipo kesho hazipo. Kijana wetu akaona njia ya mkato: akaumwaga wote ndani ya ExpandoObject, chombo kinachopokea sehemu yoyote unayokitilia, akauita dynamic m, akaendelea na kazi. Mimi ndiye niliyekagua msimbo ule. Nikaupitisha.

Siku tatu kabla ya mkutano mkuu, bibi mmoja muuza mihogo akaja na risiti yake mkononi. Alikuwa na akiba ya shilingi 3,000, akatuma 5,000 kwa simu. Risiti ikaandika salio: 50003000. Akamwambia karani, "Mwanangu, hizi pesa za nani? Mimi nina elfu nane." Hakwenda kuzidai zile milioni hamsini. Alikuja kuzirudisha.

Tulikaa na risiti ile saa nzima tukisaka kosa kwenye hesabu, na hesabu haikuwa na kosa. Zitazameni tarakimu zenyewe: 5000, halafu 3000, zimesimama bega kwa bega. Kilichotufumbua macho ni koma. Risiti za wanachama wengine zilisoma 12,500 na 40,000, zote na koma, kwa sababu tuliagiza zichapwe kwa muundo wa N0. Muundo huo unatia koma kwenye namba. Ukikutana na maandishi unayaacha kama yalivyo. Ya bibi haikuwa na koma hata moja. Maana yake salio lake halikuwa namba tena, lilikuwa maandishi.

Ujumbe wa simu ulileta kiasi ndani ya alama za kunukuu. Kwa hiyo m.Kiasi ilikuwa string, yaani maandishi, na string ikijumlishwa na namba katika C#, vinaunganishwa. Ndiyo kanuni ya lugha. Kompaila, inayokagua msimbo kabla haujaendeshwa, ingeweza kutuonya mapema, lakini tulikuwa tumeshaizuia. Ukiandika dynamic unaiambia: hapa usikague, nitajua mbele ya safari. Na mbele ya safari alikuwepo bibi wa watu.

Lau tungeandika decimal kiasi = m.Kiasi, yaani kutaja kwamba kiasi ni namba, programu ingegoma palepale ujumbe unapoingia, ikatupa kosa la RuntimeBinderException, na salio lisingeguswa. Neno moja lilikosekana.

Kuna baya zaidi. ExpandoObject ukiisoma sehemu isiyokuwepo, inalalamika. Ukiandika kwenye sehemu isiyokuwepo, inaiunda. Kosea kidole uandike m.Sailo = 8000 badala ya m.Salio, umepata sehemu mpya iitwayo Sailo, na Salio limebaki na thamani ya jana. Hakuna onyo, hakuna mstari mwekundu. Ndani yake ni kamusi tu ya string na object, yaani jina na kitu cha aina yoyote. Kama unataka kamusi, andika kamusi, anayesoma msimbo wako ajue anasoma nini.

Najua kuna anayesema moyoni: mbona Python inaishi hivyo na dunia nzima inaitumia? Sawa. Basi ajiulize kwa nini Python 3.5, mwaka 2015, ilileta moduli ya kutaja aina. Ajiulize kwa nini watu wa JavaScript waliipokea TypeScript, iliyotoka 2012. Hao waliishi bila aina miaka mingi, sasa wanazitafuta. Wewe umezaliwa nazo unazitupa!

Sisemi dynamic ifutwe. Ililetwa na C# 4.0 mwaka 2010 kwa kazi inayojulikana: kuzungumza na Excel na Word kupitia COM, njia ya programu za Windows kuwasiliana, bila kubadilisha aina kila mstari, na kuzungumza na lugha kama Python ndani ya .NET, jukwaa linaloendesha C#. Hiyo ni kazi ya mlangoni. Mgeni akishavuka kizingiti, ajulikane ni nani.

Na hapo ndipo zinapoingia jeneriki, yaani aina zenye nafasi ya kujazwa aina nyingine, ambazo mnaziogopa bure, maana Kiswahili kilishawafundisha. Hakuna anayeingia hotelini akaagiza kikombe cha kitu. Ni kikombe cha chai, kikombe cha uji. Pishi ni ile ile, lakini ni pishi ya mchele au pishi ya mahindi. Sasa ArrayList, orodha ya C# ya mwaka 2002, ilikuwa kikombe cha kitu hasa: kila unachoweka kinageuka object, hata namba inafungwa kwenye kisanduku, na wakati wa kutoa ubahatishe aina, ukikosea upate kosa la InvalidCastException. Don Syme na Andrew Kennedy, katika maabara ya utafiti ya Microsoft iliyoko Cambridge, ndio waliosanifu jeneriki za .NET, zikatufikia na C# 2.0 mwaka 2005. List<Malipo> isome "orodha ya malipo". Ile T mnayoiona kwenye jeneriki ni nafasi iliyo wazi baada ya "ya", basi.

Ndivyo tulivyoirekebisha programu ya chama. Metodi moja, Soma<T>, inapokea ujumbe na kurudisha T: Malipo, Rejesho, Hisa. Tukaongeza sharti, where T : IMuamala, yaani T lazima iwe muamala, ili asiingie asiyekuwa na Kiasi cha decimal. Neno dynamic limebaki katika faili moja, mistari michache, ndani ya metodi hiyo.

Nilitaka kusema juu ya Java, ambako List<String> na List<Integer> programu inapoendeshwa ni klasi moja kwa kuwa aina zimefutwa, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Tuliache.

Waliokuja na kompyuta, zifungueni. Tafuteni neno dynamic katika mradi mlio nao sasa, mniambie limetokea mara ngapi na liko umbali gani kutoka mlangoni. Tuanze na dada aliyekaa mbele.