Kidonge Kimoja, Fomu Tatu

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Leo tuko Marekani. Habari za afya ya uzazi kule ukizisikia redioni, utasikia Bunge na Mahakama ya Juu tu. Kaka Salim anasema tunakodolea macho sebuleni wakati chungu kiko jikoni.

SALIM: Ndiyo, dada. Jikoni ni Wizara ya Afya ya serikali ya shirikisho na taasisi zake. Kuna FDA, wadhibiti wa dawa, ambayo kwa Tanzania ungesema TMDA, kwa Kenya Bodi ya Famasia na Sumu. Kuna CMS, wasimamizi wa bima za umma za Medicare na Medicaid. Hawa hawapitishi sheria. Lakini maandishi ya kwenye dawa, fomu ya kusaini na masharti ya ruzuku vinatoka kwao.

NEEMA: Tuanze na maandishi ya dawa. Mifepristoni.

SALIM: FDA iliiidhinisha tarehe 28 Septemba 2000 kwa ajili ya kutoa mimba changa. Maelekezo ya wakati ule: miligramu 600, yaani vidonge vitatu vya 200. Mwisho siku 49 tangu hedhi ya mwisho ianze. Lazima chini ya usimamizi wa daktari, na safari tatu: siku ya kwanza unameza pale pale, siku ya tatu unarudi kwa misoprostoli, dawa ya pili inayokamilisha kazi, na karibu siku ya 14 unarudi kuangaliwa.

NEEMA: Safari tatu kwa mtu anayekaa kilomita 200 kutoka kliniki. Nauli mara tatu, ruhusa kazini mara tatu, na watoto waachiwe jirani mara tatu.

SALIM: Mwaka 2016 wakabadilisha. Miligramu 200, kidonge kimoja. Misoprostoli mikrogramu 800, ikiwekwa kati ya shavu na fizi saa 24 hadi 48 baadaye, na haikulazimu tena kufanyia kliniki. Muda ukafika siku 70. Na neno “daktari” likapisha “mtoa huduma” anayeruhusiwa na sheria za jimbo lake, kwa hiyo muuguzi bingwa au mkunga katika majimbo kadhaa akaingia.

NEEMA: Lakini madaktari wengi si walikuwa wameshaanza kutumia dozi ndogo kabla ya hapo?

SALIM: Walikuwa wameanza, kwa sababu FDA haimpangii daktari namna ya kutibu, akiwa na ushahidi wa kitaalamu anaweza kutoka nje ya maelekezo. Ila Ohio na Texas zilitunga sheria kwamba mifepristoni itumike kama ilivyoandikwa na FDA, basi. Ohio wanawake wakaendelea kupewa miligramu 600 wakati kwingine wanapewa 200. Siku FDA ilipobadilisha maandishi, sheria za majimbo hayo zikabadilika nayo bila mbunge yeyote kunyoosha mkono. Mimi hapo ndipo ninapoona nguvu ya hizi ofisi.

NEEMA: Na fomu?

SALIM: Sheria ya 2007 iliipa FDA uwezo wa kuifungia dawa mpango wa kudhibiti hatari. Mifepristoni ikawekewa wake 2011. Sasa kuna fomu tatu. Ya kwanza ni ya anayeandika dawa: anathibitisha kwamba anaweza kukadiria umri wa mimba, anaweza kutambua mimba iliyotunga nje ya kizazi, na ana njia ya kumpatia mgonjwa upasuaji ikihitajika. Ya pili ni ya mgonjwa. Ya tatu ni ya duka la dawa, na hiyo ni mpya, ya Januari 2023.

NEEMA: Yaani kabla ya hapo duka la dawa la kawaida halikuwa na nafasi kabisa.

SALIM: Halikuwa nayo. Ilitolewa kliniki au hospitali, mkono kwa mkono. Wakati wa korona sharti hilo lilipigwa danadana: jaji akalisimamisha Julai 2020, Mahakama ya Juu ikalirudisha Januari 2021, Aprili FDA wenyewe wakasema hawatalisimamia kwa muda. 2023 wakalifuta rasmi.

NEEMA: Mfamasia anafanya nini hasa?

SALIM: Duka linateua mtu wa kubeba dhamana. Kabla ya kutoa dawa, lazima liwe na fomu iliyosainiwa ya yule aliyeiandika. Linaandika namba ya toleo la kila pakiti. Kama inatumwa, kifurushi kiwe kinafuatilika njiani. Na imfikie mgonjwa ndani ya siku nne za kalenda tangu cheti cha kuandikiwa dawa kilipopokelewa. Ikishindikana, mfamasia amuulize aliyeandika kama bado inafaa kutolewa.

NEEMA: Siku za kalenda, si za kazi. Cheti kikiingia Ijumaa jioni…

SALIM: …Jumatatu ndiyo kwanza kinashughulikiwa na Jumanne muda umekwisha. Hapo ndipo mambo hukwama. Wengine hukwama mapema zaidi, fomu ya mtoa huduma haijafika na cheti kinakaa tu. Na misoprostoli, mwenzake wa safari, haina fomu hata moja. Iliidhinishwa 1988 kwa vidonda vya tumbo.

NEEMA: Kwenye jimbo lililopiga marufuku, hizi fomu zinasaidia nini?

SALIM: Kidogo sana. Baada ya uamuzi wa Dobbs, Juni 2022, Mahakama ya Juu ilipoondoa haki ya kikatiba ya kutoa mimba, majimbo kadhaa yanakataza, na kama idhini ya FDA inayashinda ni mabishano ya mahakamani. Juni 2024 Mahakama ya Juu ilitupa kesi ya mifepristoni kwa kura 9 kwa 0, ila ilisema walioshtaki hawakuwa na haki ya kushtaki. Kuhusu kama FDA ilikuwa sahihi, haikugusa.

NEEMA: Twende kwenye fedha. Taito Teni.

SALIM: Title X, ruzuku ya uzazi wa mpango, Nixon aliisaini 1970. Mwenye kipato kisichozidi mstari wa umaskini wa serikali hatozwi. Kuanzia hapo hadi asilimia 250 ya mstari huo analipa kwa ngazi. Bajeti ilisimama kwenye dola milioni 286 na ushee kwa mwaka kuanzia 2015 hadi 2024, na bei za vitu hazikusimama. Kanuni ya 2019 ikakataza kliniki zenye ruzuku kumwelekeza mgonjwa pa kutolea mimba. Planned Parenthood, shirika lenye kliniki nyingi za uzazi wa mpango, wakajitoa. Kanuni ya 2021 ikaifuta.

NEEMA: Miaka miwili kuifuta?

SALIM: Kanuni hutangazwa kwenye gazeti la serikali, watu wanatoa maoni, wizara inayajibu, ndipo inapitishwa. Kuiondoa ni njia ile ile. Waraka ni mwepesi. Julai 2022 wizara ilizikumbusha hospitali kwa waraka kwamba sheria ya 1986 ya kuhudumia wagonjwa wa dharura inahusu pia mimba inayohatarisha maisha. Tarehe 3 Juni 2025 CMS ikauondoa kwa tangazo. Sheria ya 1986 yenyewe ipo palepale, ila daktari wa zamu saa nane za usiku hana tena karatasi ya kumwonyesha mwanasheria wa hospitali.

NEEMA: Tumalizie na vidonge vya majira. Opill.

SALIM: Norgestreli miligramu 0.075. FDA iliruhusu Julai 2023 viuzwe bila cheti, vikafika madukani Machi 2024.

NEEMA: Na bima? Si ilishaamriwa uzazi wa mpango usilipiwe na mgonjwa?

SALIM: Mipango mingi ya bima italipia dawa ya dukani ukileta cheti cha daktari.

NEEMA: Kwa dawa iliyoondolewa cheti.

SALIM: Kwa hiyo hiyo. Ukitaka bure, rudi kwa daktari ukaandikiwe.