Pikipiki Mpya Inazimika, Gereji Inasema Ni Nzima

ZAINABU: Wasikilizaji wetu, karibuni tena. Leo tulipanga kuzungumzia namna ya kuilea injini mpya katika kilomita zake za mwanzo, na Kombo amekuja na mafunzo matatu aliyoyaandaa kwa uangalifu. Nitamwomba anivumilie kwanza, kwa sababu wiki hii pikipiki yangu imerudi kutoka gereji na imezimika tena barabarani, kwa namna ile ile iliyokuwa ikizimika kabla ya kupelekwa.

KOMBO: Pole sana, dada. Wanaotufuata wanajua ulivyoingojea pikipiki hiyo, na wanakumbuka furaha yako ulipoipata. Waeleze dalili zenyewe, maana katika hitilafu inayokuja na kuondoka, fundi hana kingine cha kushika isipokuwa dalili.

ZAINABU: Asubuhi inawaka mara tu ninapogusa stata. Haitoi moshi, haigongi, na gia zinaingia vizuri. Baada ya kama nusu saa ya mwendo usiobadilika, nguvu inaanza kupungua, injini inakatakata kidogo, kisha inazimika kabisa. Taa za dashibodi zinabaki zinawaka, stata inazungusha, na nikifungua ufunguo ninaisikia pampu ya mafuta ikivuma kwa sekunde mbili tatu, lakini injini haishiki. Nikiiacha ipoe, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Gereji ya muuzaji ilibadilisha plagi, ikaunganisha kompyuta, kisha ikanirudishia pikipiki pamoja na karatasi iliyoandikwa maneno mawili tu: "Hitilafu haikuonekana." Fundi aliijaribu kwa kulizunguka jengo. Nataka kuuliza kwa dhati kabisa: hitilafu inayotokea baada ya nusu saa itaonekanaje kwa mtu aliyeendesha dakika tano?

KOMBO: Haitaonekana, na hapo gereji haina utetezi. Hata hiyo kompyuta wanaipa heshima isiyo yake. Mfumo wa kujichunguza uliowekwa kwenye pikipiki za kisasa, ambao Ulaya iliufanya kuwa lazima kwa aina mpya kuanzia mwaka 2016, katika hatua yake ya kwanza ulilenga zaidi saketi za umeme: waya uliokatika, waya uliogusana na mwingine, sensa inayotoa volti zisizowezekana. Mahali pasipo na waya, kompyuta haina jicho. Mpira ukibanwa au tundu likiziba, hakuna msimbo wa hitilafu utakaoandikwa, na ndiyo sababu mimi ninashuku upumuaji wa tangi lako.

ZAINABU: Mimi ninashuku umeme. Koili ya plagi, kifaa kinachoipa plagi umeme wa kutoa cheche, ina waya mwembamba sana wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Ukiwa na ufa mdogo, joto linautanua, mkondo unakatika, kisha ukipoa ncha zinagusana tena. Ukiupima kwa multimita ukiwa baridi utapata ohmu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zilizoandikwa kwenye kitabu, na fundi ataapa kuwa koili ni nzima. Sensa ya kranki, inayosoma mzunguko wa mhimili wa injini, nayo huugua hivyo hivyo, na ikinyamaza, kompyuta haijui pistoni iko wapi, kwa hiyo cheche na petroli vinakosekana kwa pamoja.

KOMBO: Lakini sensa ya kranki ikinyamaza, injini hufa ghafla, na kwenye pikipiki nyingi mshale wa mizunguko ya injini kwenye dashibodi huanguka hadi sifuri papo hapo, hata kama tairi bado linaizungusha injini kupitia mnyororo. Wewe umesema nguvu inapungua kwanza. Mshale wako ulifanya nini?

ZAINABU: Ulishuka pamoja na injini, polepole.

KOMBO: Basi ninaona njaa ya petroli. Niruhusu nieleze kuhusu kifuniko cha tangi, kwa sababu ni kitu ambacho watu hukifungua kila wanapojaza mafuta bila kujua kazi yake ya pili. Petroli ikitoka kwenye tangi, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake. Ni sawa na kunywa kwa kuibana chupa midomoni bila kuachia hewa: unavuta, unavuta, kisha maji yanagoma. Pikipiki ndogo inayotumia lita 2 kwa kilomita 100, ikienda nusu saa kwa kilomita 60 kwa saa, inakula kama lita 0.6. Nafasi hiyo isipojazwa na hewa, tangi lenyewe linaanza kuivuta petroli irudi. Tangi likiwa limejaa hadi juu, tatizo linakuja mapema zaidi, kwa sababu hewa iliyomo ni kidogo na inatanuka sana. Kwa hiyo swali langu ni hili: je, inazimika mapema zaidi ukiwa umetoka kujaza?

ZAINABU: Mimi hujaza kila ninapoanza safari ndefu, kwa hiyo siwezi kulinganisha. Ila nadharia yako ina tatizo kubwa, Kombo. Hiyo ni hitilafu ya pikipiki za kabureta, ambako petroli inashuka kwa uzito wake tu, na kamvutano kadogo kanatosha kuizuia. Pikipiki yangu ina pampu ndani ya tangi, inayosukuma mafuta kwa shinikizo la karibu bari 3. Mvutano wa tangi ni sehemu ndogo tu ya shinikizo hilo.

KOMBO: Upande wa kusukuma, ni kweli. Upande wa kuvuta, sivyo. Petroli iliyopata joto na kupunguziwa shinikizo huanza kutoa mvuke mapema, na pampu iliyotengenezwa kusukuma kimiminika ikipata mapovu haisukumi chochote cha maana. Utaisikia ikivuma vizuri kabisa, kama ulivyosema unaisikia, na mafuta yasifike. Kuvuma kwa pampu ni ushahidi kwamba mota inazunguka, basi.

ZAINABU: Hapo umenipa jambo la kufikiria, ingawa bado naona koili ndiyo yenye uwezekano mkubwa zaidi.

KOMBO: Tazama na njia ambayo hewa inapita. Kwenye pikipiki nyingi kuna vali ndogo ndani ya kifuniko, inayojifunga pikipiki ikianguka ili petroli isimwagike. Nyingine zina mpira mwembamba unaotoka kwenye shingo ya tangi, ukapita kando ya fremu hadi chini. California ilianza kudai miaka ya 1980 kwamba mvuke wa petroli wa pikipiki usiachwe uende hewani, na watengenezaji wakaongeza kopo la makaa yanayonyonya mvuke, pamoja na mipira na vali zake. Sheria hiyo ilikuwa na nia njema, na mimi naiunga mkono, lakini kila mpira ulioongezwa ni mpira unaoweza kubanwa chini ya tangi siku pikipiki inapounganishwa. Mpira uliokunjika kidogo unaweza kupitisha hewa ukiwa baridi, kisha ukalainika kwa joto la injini na kujifunga.

ZAINABU: Na gereji iliponyanyua tangi kubadilisha plagi, ingeuona.

KOMBO: Ingeuona kama ingekuwa inautafuta. Jaribio lake ni rahisi: pikipiki ikizimika, weka kando, zima ufunguo, fungua kifuniko, sikiliza kama hewa inafyonzwa kwa mluzi, halafu washa mara moja bila kuingoja ipoe. Ikiwaka, umepata mahali pa kuanzia. Isipowaka, mimi nitakuja upande wako wa koili. Ni jambo la dakika moja, Zainabu, na lingekuwa limekwisha wiki nyingi zilizopita.

ZAINABU: Sitafungua, na naomba unielewe kwa nini. Kwanza, kuruhusu mvuke wa petroli utoke juu ya injini yenye moto si jambo la kumshauri kila msikilizaji alifanye kando ya barabara. Pili, na hili ndilo zito kwangu, mimi nimenunua pikipiki mpya yenye dhamana. Aliyeniuzia ana mafundi, ana kipimo cha shinikizo la mafuta, ana michoro ya waya. Siku nitakayokuja na majibu yangu, nitaulizwa nilifungua nini, nilishika wapi, na hitilafu yao itageuka kuwa kosa langu.

KOMBO: Kufungua kifuniko cha mafuta si kufungua injini. Kila mwenye pikipiki anakifungua kwenye kituo cha petroli. Hakuna dhamana inayoweza kuvunjika kwa jambo hilo.

ZAINABU: Sizungumzii kifuniko peke yake. Leo ni kifuniko, kesho utaniambia niipashe koili joto nikaipime ohmu zake, keshokutwa nitenganishe soketi ya sensa. Mteja anafanywa mpelelezi wa kitu alichokilipia kikiwa kizima. Sheria ya wanunuzi ya Uingereza ya mwaka 2015 inampa mnunuzi siku 30 za kukirudisha chombo chenye kasoro, na baada ya hapo ukarabati mmoja ukishindikana anaweza kukikataa. Ndani ya miezi 6 ya mwanzo, kasoro ikijitokeza inahesabiwa kuwa ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Hiyo ndiyo haki ninayoiona, hata pale ambapo haijaandikwa.

KOMBO: Na hata huko Uingereza, mnunuzi bado anatakiwa kuonyesha kwamba kasoro ipo. Hapo ndipo karatasi yako ya maneno mawili inapokuumiza. Bila ushahidi, wewe unasema inazimika, wao wanasema haizimiki, na mazungumzo yanaishia hapo. Simaanishi kwamba ni haki. Nasema mwenye pikipiki ndiye pekee anayekuwepo inapozimika, kwa hiyo asipokusanya dalili yeye, hakuna mwingine atakayezikusanya.

ZAINABU: Dalili nimezikusanya. Nimerekodi video ya dashibodi, nimeandika hali ya hewa, umbali na muda. Kinachokosekana ni mtu wa upande wa pili wa kuiendesha mpaka ipate moto, kipimo cha shinikizo kikiwa kimefungwa. Waifanye kazi yao.

KOMBO: Na wasipoifanya?

ZAINABU: Wairudishe pesa au wabadilishe pikipiki.

KOMBO: Wakibadilisha, utapewa nyingine ya aina ile ile, na kama mpira unabanwa na umbo la fremu, utabanwa tena. Mimi siwezi kukubali kwamba kubadilisha chombo ni jibu la hitilafu ambayo hakuna aliyeijua. Nataka ijulikane ni nini.

ZAINABU: Nami siwezi kukubali kwamba kuijua ni wajibu wangu. Ninahofia kuikata barabara kubwa kwa sababu sijui kama injini itanifikisha upande wa pili, Kombo. Gari lililo nyuma yangu halijui kwamba nimeishiwa nguvu. Kwangu hili limekuwa jambo la usalama, na mtu aliye hatarini hapewi kazi ya kufanya majaribio.

KOMBO: Juu ya usalama sina la kukupinga, na ningekusihi usiipande kabisa kwa sasa. Juu ya jaribio, msimamo wangu uko pale pale.

ZAINABU: Na wangu pia. Naona muda wetu umekwisha, na mafunzo yako matatu hatukuyagusa hata moja.

KOMBO: Tuyaache. Mafuta ya kwanza ya injini, ukazaji wa mnyororo na kasi ya kilomita za mwanzo ni mambo yanayostahili kipindi chake, na siwezi kuyabana ndani ya dakika mbili. Niseme tu wasiopanga kungoja wafuate kitabu cha pikipiki yao, hasa kuhusu sevisi ya kwanza, ambayo kwa pikipiki nyingi ni kwenye kilomita 500 hadi 1,000.

ZAINABU: Mimi naipeleka tena gereji pamoja na barua inayotaka pikipiki iendeshwe mpaka injini ipate moto, nikiwa nafuatana na fundi, na vipimo viandikwe kwenye karatasi. Wasikilizaji ambao pikipiki zao huzimika zikipata joto, tuandikieni mtueleze ilikuwaje mpaka sababu ikapatikana.

KOMBO: Mtuandikie pia kama mlijaribu kufungua kifuniko, na nini kilitokea.

ZAINABU: Na kama gereji iliwasikiliza.